Nyuma ya ugo: maisha ya watawa wa kike barani Ulaya, karne ya 16 hadi ya 18

Mwaka 1623, katika nyumba ya watawa ya Sant'Anna iliyokuwa mtaa wa Castello mjini Venezia, msichana wa miaka 19 alifunga nadhiri za daima na kuitwa Sista Arcangela. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Elena Cassandra Tarabotti. Alikuwa ameingizwa humo na jamaa zake akiwa bado mtoto, na yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba hakuwa na wito. Hakutoka tena hadi alipofariki mwaka 1652. Katika miaka hiyo aliandika vitabu vilivyowashitaki akina baba wa mji wake kwa kosa moja: kuwafunga binti zao maisha ili kuokoa fedha.

Maelfu ya wanawake wa Ulaya ya Kikatoliki waliishi nyuma ya kuta za namna hiyo kati ya karne ya 16 na ya 18. Wako waliozihesabu kuwa gereza. Wako pia waliozitamani kuliko ndoa, wakapata humo elimu, kazi na madaraka ambayo mke wa nyumbani hakuyaota. Kuta zilikuwa zile zile. Kilichotofautisha maisha ya huyu na yule ni kama aliulizwa, na kama jibu lake lilisikilizwa.

Mahari na hesabu za ukoo

Neno mahari linahitaji ufafanuzi kwanza. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mahari hutoka kwa mume kwenda kwa mke au kwa wazazi wake. Katika Ulaya ya wakati ule mambo yalikuwa kinyume: baba wa msichana ndiye aliyetoa mali, na bila mali hiyo binti wa ukoo wa heshima hakupata mume wa hadhi yake.

Mjini Venezia gharama hiyo ilipanda kizazi hadi kizazi. Seneti ilijaribu kuizuia kwa sheria. Mwaka 1505 kiwango cha juu kiliwekwa kuwa dukati 3,000. Mwaka 1535 kikawa 4,000, mwaka 1551 kikawa 5,000 na mwaka 1575 kikawa 6,000. Kule kupandishwa mara kwa mara kunaonyesha kwamba sheria ilikuwa ikiifuata desturi kwa nyuma bila kuipata.

Nyumba za watawa nazo zilidai mali kwa kila aliyeingia, lakini kiasi chake kilikuwa sehemu ndogo tu ya mahari ya ndoa. Baba mwenye mabinti wanne aliweza kumwoza mmoja na kuwapeleka watatu utawani, urithi wa ukoo ukabaki mzima mikononi mwa watoto wa kiume. Zaidi ya hayo, koo nyingi za watawala zilimruhusu kaka mmoja tu kuoa ili mali isigawanyike, kwa hiyo hata mabwana harusi walikuwa haba. Wanahistoria wanakadiria kwamba mwishoni mwa karne ya 16 zaidi ya nusu ya wanawake wa tabaka la watawala wa Venezia waliishi katika nyumba za watawa.

Waliopelekwa mara nyingi ni wale ambao familia iliona ni vigumu kuwaoza. Tarabotti alikuwa wa kwanza kati ya mabinti sita, naye alichechemea kama baba yake. Dada zake wawili waliolewa.

Sheria ya ugo

Ugo ni neno linalotumiwa na Kanisa kwa mpaka ambao mtawa havuki na mtu wa nje haingii. Papa Bonifasi VIII aliwaamuru watawa wote wa kike kukaa ndani ya ugo tangu mwaka 1298, lakini katika miji mingi amri hiyo ilibaki kwenye karatasi. Watawa walitembelea jamaa, walihudhuria maziko na walipokea wageni.

Mambo yalibadilika baada ya Mtaguso wa Trento, uliofunga vikao vyake Desemba 1563. Mtaguso uliagiza ugo urejeshwe kila mahali. Mtawa aliyefunga nadhiri hakuruhusiwa kutoka hata kwa muda mfupi, isipokuwa kwa sababu halali iliyokubaliwa na askofu. Mtu wa nje, awe mwanamume au mwanamke, hakuruhusiwa kuingia bila kibali cha maandishi, na aliyevunja amri hiyo alitengwa na Kanisa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1566, Papa Pius V aliikaza zaidi kwa kuyabana hata makundi ya wanawake waliokuwa wamezoea kuishi utawa bila kujifungia.

Hata hivyo, mtaguso huo huo uliweka masharti ya kuwalinda wasichana. Hakuna aliyeruhusiwa kufunga nadhiri kabla ya kutimiza miaka 16 na kukaa unovisi mwaka mzima. Kabla ya nadhiri, askofu au mjumbe wake alipaswa kumhoji msichana: je, amelazimishwa, amedanganywa, anajua anachokifanya? Laana ya Kanisa iliwekwa juu ya yeyote amlazimishaye mwanamke kuingia utawani, na vilevile juu ya yeyote amzuiaye bila haki yule anayetaka kuingia. Aliyedai kuwa alilazimishwa alipewa miaka mitano tangu nadhiri zake kupeleka malalamiko.

Ulinzi huo ulikuwa mzuri kwa maandishi. Msichana aliyeulizwa swali hilo mara nyingi alikuwa amelelewa humo humo tangu udogo wake. Shangazi zake walikuwa wamo ndani. Nyumbani hakuwekewa mahari, wala kitanda chake hakikuwa kikimngoja. Akijibu hapana, angekwenda wapi? Wengi walijibu ndiyo, na mwandishi wa askofu akaandika ndiyo.

Siku ya mtawa

Siku iligawanywa na kengele. Watawa waliamka usiku au kabla ya alfajiri kwa sala ya kwanza, kisha sala nyingine zikafuatana hadi jioni. Katikati palikuwa na Misa, kazi za mikono, chakula kilicholiwa kimya huku mmoja akisoma kwa sauti, na muda mfupi wa mazungumzo.

Ndani ya ugo palikuwa na matabaka kama nje. Watawa wa kwaya, waliotoka familia zenye uwezo na kuleta mali kamili, waliimba sala kwa Kilatini na kushika vyeo. Masista watumishi walileta mali kidogo, na kazi yao ilikuwa kupika, kufua, kuoka mikate na kulima bustani, bila haki ya kupiga kura. Katika nyumba tajiri, mtawa wa ukoo mkubwa aliweza kuwa na vyumba vyake mwenyewe, samani na hata mtumishi. Katika nyumba maskini, wote waliionja njaa.

Mawasiliano na dunia yalipitia sehemu mbili. Ya kwanza ni chumba cha maongezi, ambamo mtawa alizungumza na wageni kupitia dirisha la nondo. Ya pili ni kasha la mbao lililozunguka ukutani: mtu wa nje aliweka mkate, barua au dawa, akalizungusha, na mtawa akapokea bila wao kuonana.

Pamoja na masharti hayo, mambo ya ndani yalikuwa mikononi mwa wanawake. Watawa wa kwaya walimchagua mkuu wao kwa kura. Huyo, pamoja na wasaidizi wake, alisimamia mashamba, kodi za nyumba, mikopo na kesi mahakamani. Askofu alikuwa juu yao na ukaguzi wake uliogopwa, lakini si mahali pengi pengine katika Ulaya ya wakati ule ambapo mwanamke alipiga kura, akatunza daftari la hesabu na kuitwa mtawala wa nyumba bila kutaja jina la mume.

Brashi na nyimbo

Katika nyumba ya Mtakatifu Katerina wa Siena mjini Firenze, mtawa wa Kidominiko Plautilla Nelli, aliyeishi kuanzia 1524 hadi 1588, alijifunza kuchora na akawafundisha wenzake. Picha zao ziliuzwa mjini na kuiletea nyumba kipato. Kazi yake kubwa ni Karamu ya Mwisho, yenye urefu wa karibu mita saba, inayomwonyesha Yesu na mitume kwa ukubwa wa watu halisi. Giorgio Vasari, mwandishi wa maisha ya wachoraji wa Italia, alimtaja mwaka 1568 na kusema kuwa angefanya makubwa zaidi kama angepata nafasi, wapatayo wanaume, ya kusomea uchoraji kwa kuangalia vitu hai. Kwa muda mrefu picha hiyo haikuonyeshwa kwa umma. Baada ya kukarabatiwa, iliwekwa katika jumba la makumbusho la Santa Maria Novella mwaka 2019.

Mjini Milano, nyumba ya Wabenediktini ya Santa Radegonda ilisifika kwa muziki. Kanisa lake liligawanywa na ukuta: waumini upande mmoja, watawa upande wa pili. Watu walikuja kusikiliza sauti ambazo wenyewe hawakuwaona. Chiara Margarita Cozzolani, mmoja wa watawa hao, alichapisha vitabu vya nyimbo alizozitunga kati ya mwaka 1640 na 1650. Nyimbo zake zilitoka nje ya ugo, yeye akabaki ndani.

Barua kutoka Arcetri

Mwanasayansi Galileo Galilei alizaa mabinti wawili na Marina Gamba, ambaye hakufunga naye ndoa. Kwa kuwa walizaliwa nje ya ndoa, aliona hawataolewa kwa heshima. Mwaka 1613, mkubwa akiwa na miaka 13, aliwapeleka wote wawili katika nyumba ya Waklara ya San Matteo huko Arcetri, karibu na Firenze. Mkubwa, Virginia, alifunga nadhiri mwaka 1616 na kuitwa Maria Celeste. Mdogo, Livia, alimfuata mwaka 1617 kwa jina la Arcangela.

Barua 124 za Maria Celeste kwa baba yake, zilizoandikwa kati ya 1623 na 1633, zimehifadhiwa hadi leo. Ndizo zinazomwezesha msomaji kuiona nyumba maskini kwa ndani: baridi ya usiku, chakula duni, magonjwa na deni. Maria Celeste alikuwa mtengeneza dawa wa nyumba. Alimshonea baba yake kola, akamtengenezea peremende za matunda na kumpelekea dawa wakati wa tauni. Aliomba pia, kwa unyenyekevu mwingi, fedha na blanketi kwa ajili ya wenzake. Mwaka 1633 Roma ilipomhukumu Galileo na kumwamuru asome zaburi za toba kila juma, binti huyo aliomba azisome yeye kwa niaba yake. Alifariki Aprili 1634 akiwa na miaka 33, miezi michache baada ya baba yake kurudi Arcetri. Barua za Galileo kwake zimepotea. Katika barua zake hakulalamika kwamba aliwekwa humo, lakini pia hakuna anayeweza kuonyesha siku aliyoulizwa.

Walioshika ufunguo wenyewe

Wako wanawake ambao kwao ukuta ulikuwa chaguo. Teresa wa Ávila, nchini Hispania, aliondoka nyumbani kwa siri mwaka 1535 na kuingia kwa Wakarmeli kinyume cha matakwa ya baba yake. Nyumba aliyoikuta ilijaa watu na tofauti za kitabaka. Mwaka 1562 alianzisha nyumba ndogo ya San José, ambamo ukoo na cheo havikuhesabiwa na ugo ulishikwa kikamilifu. Kwake ugo uliwaondolea watawa usumbufu wa jamaa, wafadhili na wanaume waliotaka kuwatawala. Hadi alipofariki mwaka 1582 alikuwa ameanzisha nyumba kadhaa, kutoka Castilla hadi Andalucía, akisafiri kwa mikokoteni katika barabara mbovu.

Kisa cha Angélique Arnauld wa Ufaransa kinashangaza zaidi. Familia yake ya wanasheria ilimpatia cheo cha mkuu wa nyumba ya Port-Royal mwaka 1602, kabla hajatimiza miaka 11. Cheo hicho kilikuwa mali ya familia, na baba yake alizoea kuingia humo atakavyo. Angélique alipokua, aliamua kuishika kanuni kwa dhati. Tarehe 25 Septemba 1609, akiwa na miaka 18, baba yake na jamaa wengine walipofika kumtembelea, alikataa kuwafungulia lango. Alizungumza nao kupitia kidirisha tu, huku baba akifoka na mama akilia. Sheria ile ile iliyowafungia wengine ndiyo aliyoitumia kumzuia mtu aliyemtia utawani bila kumuuliza.

Waliotolewa kwa nguvu

Matengenezo ya Kiprotestanti yalifungua milango mingi. Wakati wa Pasaka mwaka 1523 Katharina von Bora na wenzake walitoroka katika nyumba ya Nimbschen, nchini Ujerumani. Miaka miwili baadaye aliolewa na Martin Luther. Kwa wanawake kama yeye, kufunguliwa kwa lango kulikuwa ukombozi.

Lakini si wote waliotaka kutoka. Mjini Nuremberg, mwaka 1525, baraza la mji liliwataka Waklara waache utawa. Mkuu wao, Caritas Pirckheimer, mwanamke msomi aliyeandikiana na wataalamu wakubwa wa zama zake, alikataa. Mnamo Juni mwaka huo mama wa watawa watatu vijana waliingia na kuwakokota binti zao nje huku wakilia na kupinga mbele ya umati. Baraza liliwaruhusu waliobaki wakae, ila lilikataza kupokea wapya. Nyumba ikazeeka pamoja na wakazi wake, hadi mtawa wa mwisho alipofariki. Caritas aliacha maandishi ya matukio hayo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: dhamiri haikokotwi, iwe kuingizwa au kutolewa.

Kalamu ya Tarabotti

Hoja hiyo hiyo, kutoka upande wa pili, ndiyo aliyoijenga Arcangela Tarabotti. Alijisomea mwenyewe, akaandikiana na watu mashuhuri kupitia nondo za Sant'Anna. Mwaka 1643 alichapisha Paradiso monacale, yaani Pepo ya utawa, akiwasifu waliochagua maisha hayo kwa moyo. Kitabu kingine, Inferno monacale, yaani Jehanamu ya utawa, kilieleza maisha ya waliolazimishwa katika nyumba zile zile. Hicho hakikuchapishwa hadi mwaka 1990.

Kikali kuliko vyote kilikuwa La tirannia paterna, yaani Udhalimu wa baba. Humo alidai kwamba Mungu alimpa mwanamke hiari sawa na mwanamume, na kwamba baba anayemnyang'anya bintiye hiari hiyo anajifanya mkubwa kuliko Muumba. Aliuumbua pia mji wake: Venezia ilijisifu kuwa jamhuri huru, ilhali utajiri wa koo zake ulitegemea uhuru wa wasichana wasioulizwa. Kitabu hicho kilitoka Leiden mwaka 1654, miaka miwili baada ya kifo chake, kikiwa na jina jingine na mwandishi akifichwa kwa kubadilishwa mpangilio wa herufi za jina lake. Miaka michache baadaye Roma ilikiweka katika orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku.

Njia ya tatu

Kati ya ndoa na ugo, wanawake wengine walitafuta njia ya tatu. Mwingereza Mary Ward alianzisha mwaka 1609, katika mji wa Saint-Omer, jumuiya ya wanawake waliofundisha wasichana bila kujifungia. Mwaka 1631 Papa Urban VIII aliivunja, na Mary Ward mwenyewe akafungwa kwa muda mjini Munich katika nyumba ya Waklara. Nchini Ufaransa, Vincent de Paul na Louise de Marillac walitumia busara nyingine mwaka 1633: Mabinti wa Upendo waliweka ahadi za mwaka mmoja mmoja, ili sheria ya ugo isiwahusu, wakahudumia wagonjwa majumbani na mitaani.

Njia hiyo ndiyo iliyofika Afrika Mashariki. Masista wa Loreto, tawi lililochipuka nchini Ireland kutokana na kazi ya Mary Ward, waliingia Kenya mwaka 1921 na kuanzisha shule za wasichana. Masista wengi wanaoonekana leo katika zahanati na shule za ukanda huu ni warithi wa wanawake walioambiwa zamani kwamba nje ya ukuta hapakuwa na utawa. Nyumba za Wakarmeli na Waklara wanaoshika ugo nazo zipo katika ukanda huu, zikiwa na wanawake walioingia wakiwa watu wazima.

Kuta zinaanguka, swali linabaki

Mwishoni mwa karne ya 18 serikali zilianza kuzifunga nyumba hizo. Mfalme Joseph II wa Austria alizivunja nyingi katika miaka ya 1780. Ufaransa ilifuta nadhiri za kitawa Februari 1790, na tarehe 17 Julai 1794 wanawake 16 wa jumuiya ya Wakarmeli ya Compiègne walikatwa vichwa mjini Paris kwa kukataa kuacha maisha yao. Mjini Venezia, utawala wa Napoleon ulizifunga nyumba za watawa hadi kufikia mwaka 1810.

Kanuni za Kanisa za mwaka 1983 zinataka anayefunga nadhiri za muda awe ametimiza miaka 18, na anayefunga za daima awe na miaka 21. Nadhiri iliyotolewa kwa nguvu, kwa hofu kubwa au kwa hila haihesabiwi kuwa nadhiri. Ni maneno yanayokaribiana sana na yale ya Trento mwaka 1563. Tarabotti aliyajua yale ya mwanzo. Alichokitafuta kwa miaka yote aliyokaa Sant'Anna ni mtu wa kuyatekeleza siku ambayo msichana anasimama mbele ya altare na nyuma yake amesimama baba yake.